Kiti Kwanza, Vioo Pili

Mimi ni wakala wa bima za magari, na vijana wa chuo wananijua kwa mdomo wangu. Kijana akiingia ofisini na leseni mpya mkononi, simpi karatasi hata moja kabla hajanisikiliza. Simu ikae kwenye begi. Wenzako wakikupigia kelele uongeze mwendo, simama uwateremshe. Usimpe usukani mtu ambaye jina lake halimo kwenye bima, hata akiwa mchumba. Na ukigonga, usikimbie wala usiongope, maana njia ya mwongo ni fupi. Wananiita Mama Mkanda. Waniite tu, mradi wawe wazima.

Sasa Jumatatu moja nani aingie ofisini kwangu? Kibiriti, binti wa kaka yangu, mwaka wa pili chuoni. Tulimwita hivyo kwa udogo wa umbo na wepesi wa kuwaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekukauka?"

Akaweka mezani fomu ya madai, imeshajazwa. "Nimegonga nguzo ya geti la chuo. Ijumaa, na gari la baba."

Nikainuka kitini. "Umeumia? Baba yako je?"

"Hakuna aliyeumia. Baba hakuwepo," akajibu, haraka mno.

Nikasoma. Jina la dereva: lake. Maelezo: nilipitiwa, sikuiona nguzo. Basi hasira zikanipanda. "Wewe! Wewe wa kupitiwa? Tangu hujaota meno unaimbiwa nini nyumbani kwenu?"

"Kiti kwanza, vioo pili, mkanda tatu, ufunguo mwisho," akasema, macho chini.

Huo ulikuwa wimbo wa kaka yangu. Yeye ni fundi cherehani, mrefu hivi kwamba mtaa mzima unamwita Mlingoti, na kuendesha gari kamfundisha binti yake mwenyewe. Tangu wifi yangu afariki, kila Ijumaa anamfuata mtoto chuoni, wanarudi pamoja wakibishana njia nzima. Ijumaa ndiyo wiki yake yote. Siku nyingine anazihesabu tu.

Na Kibiriti ni dereva mzuri, nasema kweli. Kosa lake lilikuwa moja: akikaa mbele kama abiria hafungi mdomo. "Baba, tuta hilo. Baba, baiskeli kushoto. Baba, taa imekuwa nyekundu." Mara ngapi nimemfokea kutoka kiti cha nyuma! Mwache dereva aendeshe, mtoto wewe, una domo kama redio!

"Twende nikalione gari," nikasema.

"Si umeshaisoma fomu, shangazi?"

"Fomu haionyeshi palipobonyea. Twende."

Gari lilikuwa uani kwao, pua imebonyea, rejeta imetoboka. Lilikuwa limevutwa na gari la gereji kutoka chuoni mpaka pale na halijaguswa tena. Mimi nina desturi yangu: kabla sijaandika neno, nakaa kwenye kiti cha dereva nione alichokiona. Nikafungua mlango, nikakaa. Miguu yangu ikabaki inatafuta pedeli.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli.

Nikageuka. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na ule mto wa kochi ambao Kibiriti hawezi kuendesha bila kuukalia.

"Hebu njoo ukae hapa," nikamwambia.

Akaja shingo upande, akakaa.

"Kanyaga breki."

Akajinyoosha, akateleza mpaka kidevu kikawa sawa na usukani. Kidole cha mguu hakikufika. Siku nyingine ningecheka mbavu zivunjike. Alipoanza kulia nikakosa hata pa kuweka mikono.

"Shangazi, ipeleke hivyo hivyo. Nakuomba."

"Unajua unachoniomba? Wakigundua umeongopa, hawatalipa. Na jina lako litachafuka kwa kila kampuni, hata chuo hujamaliza."

"Lichafuke! Wakijua ni baba aliyeendesha watamnyang'anya leseni. Ijumaa atakuwa na nini?"

"Kwa nini wamnyang'anye? Nguzo moja tu?"

Akajifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Haoni vizuri, shangazi. Tangu mwaka jana. Anasema ni kama kuna ukungu. Nikiwa naye namwambia kilichoko mbele. Kunifuata huja mchana, jua likiwaka, polepole. Ijumaa hii nilikuwa na mtihani mpaka giza linaingia, nikamwambia asije, nitapanda basi. Akaja."

Namwambia kilichoko mbele. Jamani! Tuta, baiskeli, taa nyekundu. Mwaka mzima mtoto alikuwa anamsomea baba yake barabara, na mimi mjuaji nyuma namwambia afunge domo. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba, na aibu niliyoiona sitaki kuieleza.

"Kibiriti."

Mlingoti alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, futi ya kupimia shingoni. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Nilikwambia upeleke fomu kwa shangazi yako. Sikukwambia ujiandike wewe."

"Baba..."

"Lete."

Nikaitoa fomu mkobani, nikampa. Akaichana mara mbili, vipande akavitia mfukoni. Kisha akaniomba mpya. Aliijazia juu ya boneti, pua inakaribia kugusa karatasi, na mistari ikapanda nje ya visanduku vyake. Huyu ni mtu aliyekuwa akikata suti bila kuchora chaki. Aliandika: dereva ni mimi, nguzo sikuiona kwa sababu ya macho.

"Kaka, kwa maneno haya kampuni inaweza kukataa kulipa."

"Ikatae. Mwanangu hajagonga kitu."

Akatia saini. Alipokwisha, alibaki ameshika kalamu. "Na Ijumaa?" akauliza taratibu, wala hakumtazama yeyote kati yetu.

"Ijumaa nitakuja mimi mwenyewe kukuona," Kibiriti akasema. "Unadhani nitakwenda wapi?"

Nikaona tukiendelea hivi tutalia wote watatu. Nikainuka, nikamtupia binti ufunguo wa gari langu. "Kwa daktari wa macho, sasa hivi. Jina lako limo kwenye bima yangu tangu siku uliyopata leseni. Na wewe kaka, ukibisha nakubeba mgongoni, aibu iwe yako."

Hakubisha. Kibiriti akauchukua mto wake, akavuta kiti mpaka mbele kabisa, akaweka vioo sawa, akafunga mkanda, ndipo akawasha. Mlingoti alikunja magoti yake marefu kwenye kiti cha abiria. Tukatoka getini, tukapita duka, tukapita shule. Kaka yangu hajawahi kukaa ndani ya gari bila kutoa maagizo, lakini siku ile aliweka mikono mapajani, akitazama mbele kwenye ukungu wake.

Kwenye kona ya sokoni akasema, "Niambie."

Kibiriti hakutoa macho barabarani. "Kuna tuta, baba, napunguza mwendo. Kushoto kuna baiskeli, kabeba magunia mawili. Sasa kuna mtoto wa shule anataka kuvuka, namsubiri."

"Kavuka?"

"Amevuka, baba. Ametupungia mkono."

Kaka yangu akainua mkono wake, akampungia. Mimi kule nyuma nilifunga mdomo mpaka tulipofika.