Kopo la Cherop

Mchana wa Jumamosi pale Kikopey, Cherop alikuwa akikata nyanya za kachumbari nyuma ya buchari ya nyama choma ya Ndegwa wakati mkoba wake ulipoanza kulia. Cha-cha-cha, kama mahindi makavu ndani ya debe. Akatoa kopo lake la dawa, akalifungua. Halikuwa na kitu. Kidonge cha mwisho alikimeza asubuhi na chai.

Mlio wa makopo hayo unajulikana barabara nzima. Ndiyo maana wanawake wa pale, wanaohudumia wateja mezani mchana na madereva wa malori jioni, huyashindilia pamba. Aliyewafundisha ni Njoki, mwenzao wa zamani, aliyeajiriwa na kliniki ndogo nyuma ya kituo cha petroli. Huko walipimwa virusi na kupewa dawa, wala hakuna aliyewakunjia uso. Kisha wafadhili wakakata pesa, kliniki ikapigwa kufuli, na Njoki akabaki na mfuko wa pamba.

Cherop aliongeza pamba. Kopo likazidi kulia. Akalitupa kwenye makaa, chini ya mbavu za mteja. Likayeyuka, lakini mlio haukukoma, ila sasa ulitoka kifuani mwake. Wateja walimtazama kidogo. Mmoja akauliza kama kuna pilipili.

"Cherop, mimi sina ubaya na wewe," Ndegwa alisema. "Lakini hiyo kelele inaniharibia biashara."

"Jumatatu naenda hospitali, boss. Nikipata dawa itanyamaza."

"Basi rudi ikinyamaza."

Jumatatu Njoki alimsindikiza hospitali. Foleni ilipita mbele ya benchi la akina mama, na Cherop akilia cha-cha-cha kila hatua. Hakuna aliyeshangaa, walisogeza tu watoto wao. Jamani, hata mtoto mwenye surua alisogezwa mbali naye! Dirishani, mhudumu alitaka barua ya uhamisho kutoka kliniki yake.

"Ilifungwa," Njoki akasema.

"Basi waifungue, wamwandikie."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo linalouma. Angetukana, mtu angejua pa kuanzia.

Cherop alirudi chumbani mwake, akaanza kukonda. Mlio nao ukanenepa. Njoki alimpelekea uji, akaketi kitandani, wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Nje, wengine nao walikuwa wameanza kutoa mlio: muuza mahindi, msichana wa lojingi, dereva wa trela aliyesimama kununua maji. Watu waliongeza sauti ya redio. Majirani wa Cherop walilalamika kwamba hawalali.

Siku moja Ndegwa alibisha hodi kwa Njoki jua likiwaka, koti limefungwa hadi shingoni. Chini ya koti, cha-cha-cha. Miaka yote alikuwa akipitia mlango wa nyuma wa kliniki, na Njoki ndiye aliyekuwa akimfungulia.

"Nipatie pamba."

"Haisaidii, mzee."

"Wewe nipatie tu."

Njoki akampa yote iliyobaki. "Sasa Cherop arudi kazini? Angalau apate chakula."

Ndegwa aliisukuma pamba ndani ya shati. "Na ile kelele yake?" akauliza.

Alfajiri ya Alhamisi moja chumba cha Cherop kilinyamaza. Njoki alikuwa amemshika mkono. Alimfumba macho, akalia sana, kisha akatoka kutafuta maji ya kumwosha. Majirani walikuwa wamelala usingizi mzuri.

Habari za kimya hicho zilimfikia Ndegwa akiwasha makaa. Ndegwa ni mtu wa neno lake. Alimwambia mpishi apite pale amwambie Cherop aje kazini.

Njoki aliporudi na ndoo, kitanda kilikuwa kitupu. Alimkuta Cherop buchari, amevaa aproni, anakata nyanya. Mikono yake ilikuwa baridi na macho bado yamefumbwa, lakini vipande vilikuwa vyembamba kama kawaida.

"Umeona?" Ndegwa alisema. "Sasa hiyo ndiyo kazi."

Njoki alimwambia kwamba Cherop amekufa. Ndegwa alisema anajua, akaongeza sauti ya redio, akageuza nyama.