Nyumba Arobaini na Moja Kwenye Picha

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Bi Rula alikaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya mipango miji, akaanza kugeuza mchoro wa barabara mpya kuwa picha. Kazi yenyewe haikuwa ya kutoa jasho. Faili la mchoro, lile ambalo mistari yake inabaki mikali hata ukiikuza vipi, lilikuwa halifunguki kwenye simu za watu. Ilibidi litolewe kama picha ya kawaida, ya nukta nukta, ili kila mtu aweze kumtumia mwenzake. Alikuwa akifanya hivyo mwaka wa kumi na moja sasa. Jina la Rula alibandikwa na wenzake kwa kuwa mistari yake haikuwahi kupinda.

Siku hiyo picha ilitoka na nyumba arobaini na moja.

Kwenye mchoro hazikuwemo. Pale palipakwa kijani na kuandikwa "eneo wazi". Miezi mitatu nyuma mkuu wa idara alimwambia afute nyumba zote, naye akazifuta kwa kubonyeza kitufe kimoja, akaenda kunywa chai. Sasa zilikuwepo, pamoja na nguo kambani. Mbele ya nyumba ya saba alisimama shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, anafagia.

Aligeuza upya. Picha ya pili ilikuwa ileile, ila shangazi alikuwa amemaliza kufagia na ameketi.

Mkuu akaja na miwani yake juu ya paji la uso.

"Umeziweka wewe?"

"Hapana. Zimekuja zenyewe."

"Punguza nukta."

Akapunguza. Nyumba zikawa viboksi vya rangi, lakini harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikatoka kwenye kioo na kujaa chumbani. Karani wa masjala akauliza kama chakula cha mchana kimeiva.

"Tuma hivyo hivyo," mkuu akasema. "Nani anahangaika kukuza picha?"

Bi Rula akatuma. Kabla ya saa sita simu yake ikalia.

"Nimeiona picha," shangazi akasema. "Nimetoka vizuri, ila ungeniambia nichane nywele."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu. Kwenye karatasi waliyobandika huku ukutani hatumo. Kwenye picha tumo. Tushike lipi?"

"Karatasi ndiyo mchoro."

"Nani kauchora?"

"Mimi," Bi Rula akasema.

"Mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kushika penseli," shangazi akasema, na akakata simu.

Alhamisi wakazi walikwenda mbele ya kamati ya mipango miji wakiwa na picha simuni. Mwenyekiti aliikuza kwa vidole viwili, akawasalimu waliomo, nao wakamwitikia. Mzee mmoja wa ndani ya picha alimwuliza habari za nyumbani. Mwenyekiti alijibu ni njema, kisha akawaeleza wakazi, kwa upole kabisa, kwamba picha ni ya kutumiana tu. Kisheria kinachotambulika ni mchoro, na kwenye mchoro pale hapana mtu.

Bi Rula alikuwa ameketi nyuma, na faili mapajani. Alinyanyua mkono. Alipopewa nafasi alisema nyumba alizifuta yeye, kwa kuambiwa. Katibu akaandika kwamba mtaalamu amethibitisha mchoro ni wake.

Tingatinga zilifika Jumatatu, zikamaliza kabla ya adhuhuri.

Shangazi alihamia kwa Bi Rula na begi moja na sufuria tatu. Alilala kitandani, Bi Rula akalala chini. Habari ya mchoro hakuitaja tena, jambo ambalo Bi Rula aliliona zito kuliko kugombezwa.

Barabara ilipokamilika, mkuu alitaka picha ya mchoro wa mwisho. Bi Rula akaigeuza. Lami ilionekana vizuri, na magari yalikuwa yakipita katikati ya nyumba arobaini na moja. Kila gari lilipokaribia, watu walinyanyuka, wakasogeza viti ukutani, wakangoja lipite, wakavirudisha.

"Safi," mkuu akasema. "Tuma."

Jioni shangazi aliitazama picha muda mrefu, simu akiwa ameisogeza karibu na macho.

"Waambie madereva wapunguze mwendo," akasema. "Hapo ni sebuleni."

Bi Rula akaahidi kuwaambia. Asubuhi alisimama kando ya barabara kabla ya kwenda kazini, akapunga mkono. Hakuna aliyepunguza.