Ndugu Wawili Matopeni

Ushawahi kuona watu wakishangilia mtu anauawa, na wenyewe wakidhani ni mchezo? Basi kaa kitako nikusimulie yaliyotokea Mishomoroni, siku ya michezo ya matope.

Michezo hiyo huwekwa siku za bamvua, maji ya mto yanapokupwa mpaka mizizi ya mikoko ikabaki nje yote. Asubuhi wanawake walivutana kamba, watoto wakakimbia na ndimu kwenye vijiko. Mishi alikuwa ukingoni akikaanga viazi karai, na nduguze wawili walikuwa kwenye mbio za wanaume: kaka yake Abubakar upande wa Mishomoroni, na mdogo wao Abdulaziz upande wa Mtopanga.

Ndugu hao hawakusemezana tangu mama yao alipozikwa, mwaka uliopita. Mama alikufa alfajiri, Abdulaziz yuko Lamu kazini. Abubakar akasema maiti hacheleweshwi, wakazika adhuhuri. Abdulaziz alishuka basi magharibi, akakuta watu washatawanyika na mikeka inakung'utwa. Akafunga virago vyake. Akahamia Mtopanga. Abubakar alidhani kilichomuudhi ni nyumba ya urithi. Akamtuma Mishi: mwambie achukue vyumba vya mbele. Akamtuma tena: achukue yote. Jibu halikuja. Kwa hiyo siku ile Abubakar hakufuata ushindi. Alifuata neno moja kutoka kinywani mwa nduguye, hata likiwa tusi.

Mwamuzi alikuwa Absalom, mfanyakazi wa bandarini, mtu wa bara. Bendera ilichomekwa kule mwisho, karibu na maji. Kuvutana ruhusa, kupiga marufuku. Filimbi ikalia.

Matope yale hufika magotini, kwengine kiunoni. Abubakar alikuwa ashatangulia mkono ulipomdaka kifundo cha mguu. Akaanguka kifudifudi. Alipogeuka akamwona nduguye, na kiwiko kikamtua kinywani, akasikia jino likivunjika.

"Aziz! Ni mimi!"

Ngumi ikampata jichoni, nyengine shavuni. Akaburuzwa juu ya mizizi ya mkoko, na chaza walioganda mizizini wakamchana mgongo tangu begani hadi kiunoni.

"Mle mbichi!" watu wakapiga kelele. "Mtopanga kuna mwanamume leo!"

Tope lilikuwa limewafunika wote wawili, damu haikuonekana. Absalom alicheka, filimbi inaning'inia. "Waacheni! Hiyo ndiyo kuvutana!"

Mishi peke yake alitupa upawa. "Wanauana, jamani! Wallahi wale wanauana!"

"Ah, dada, angalia viazi vyako visiungue!"

Huko matopeni subira ya mwaka mzima ikamwisha Abubakar mara moja. Akauma mkono uliomkaba mpaka meno yakagusa mfupa. Akampanda nduguye mgongoni, akamshika kisogo, akamzamisha uso.

"Sema! Sema kitu, Aziz!"

Atasema vipi mtu ana tope hadi kooni? Miguu ikarusharusha. Mapovu yakapanda, makubwa, kisha madogo. Ukingoni watu wakahesabu kwa pamoja kama kwenye mieleka: "Moja! Mbili! Tatu!" Abubakar akakandamiza. Miguu ikapungua nguvu, ikatulia, na shingo ikalegea mkononi mwake.

Hapo akapiga ukelele ambao mpaka wauza samaki kule juu waliusikia. Akamgeuza nduguye, akamchokora tope puani kwa vidole, akamchokora kinywani, akamlaza kifuani pake akimpiga mgongo kofi juu ya kofi. Absalom sasa akapuliza filimbi, akaja mbio na magambuti yake ya mpira, na matope yakayameza magambuti, akabaki amekwama akiita watu. Hakuna aliyehesabu tena.

Abdulaziz akatapika tope jeusi. Akavuta pumzi kwa mkoromo, akatapika tena.

"Chukua nyumba," Abubakar alisema, damu inamchuruzika kidevuni. "Chukua yote, mdogo wangu. Ila usinifie."

Abdulaziz akajiinua kwa kiwiko. Akapangusa kinywa kwa mkono ule ulioumwa.

"Nani alikwambia nataka nyumba, kaka?" Sauti ilikuwa inakwaruza. "Nilitaka mningoje. Nishuke kaburini na mimi, nimpokee mama yangu kwa mikono yangu."