Namba Isiyogawanyika ya Dairekta Kang'ethe

Kang'ethe alipofungua shule yake ya kibinafsi Ruiru, hakutaka kaulimbiu ya bidii na maarifa, maana hiyo kila shule inayo. Juu ya geti aliandikisha 1,234,567, na chini yake, "Hatugawanyiki". Namba yenyewe aliichagua kwa kuwa tarakimu zake zimepanga foleni kwa adabu. Kisha akaijaribu kwa simu. Mbili ilishindwa kuigawa, tatu ikashindwa, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Hapo dairekta akachoka, akatangaza kwamba hakuna namba duniani inayoiweza.

Naliaka, mwalimu wa hesabu, alifika hadi 127 siku yake ya pili kazini, akisubiri chai ya saa nne. Jibu lilikuwa 9,721, bila baki. Alinyamaza mihula mitatu yote, kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja na hakuwa na kazi nyingine.

Mkataba ulipokaribia kuisha, ukaja mkutano wa wazazi. Mzazi mmoja kutoka Membley, Nzioki, alisimama akasema kwa upole kwamba namba ya geti inagawanyika kwa 127. Mtu mwingine angetoa simu ahakikishe. Kang'ethe aliitisha kura.

"Atiriri, sikilizeni wazazi, mimi ni mtu wa demokrasia," alisema. "Nani anapropose kwamba hii namba haigawanyiki?"

Warigia, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nani anasekond, amuunge mkono?"

Watu wenye digrii, wengine mbili, walianza kuchunguza viatu vyao. Kang'ethe akamgeukia Naliaka, kiganja chake kikiwa juu ya bahasha yenye mkataba mpya.

"Madam Naliaka ndiye ekspati wetu. Madam?"

Ubao ulikuwa nyuma yake na chaki ilikuwepo. Kuzidisha 9,721 kwa 127 mbele ya watu wale kungemchukua dakika moja. Naliaka alijichukia hata kabla ya kufungua mdomo.

"Nasekond," akasema.

Mikono ikapanda, hata wa Nzioki, ambaye binti yake alikuwa ametoka kutajwa kuwa kiranja. Hesabu ikapita bila kupingwa, na dairekta akapigiwa makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa pamoja.

Baadaye ofisini Kang'ethe alimpa kalamu. Mkataba ulisema miaka mitatu, mkuu wa idara ya hesabu.

"Hiyo mia moja ishirini na saba naijua, madam," alisema akimwonyesha pa kutia sahihi. "Aliyepaka rangi pale getini aliniambia siku hiyo hiyo. Lakini rangi ilikuwa imeshakauka."

Naliaka alitia sahihi. Hakusita hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko kura yenyewe.