Nywele Zisizoungua

Panapofuka moshi hapana moto. Najua mlifundishwa kinyume. Hata mimi nilifundishwa hivyo, nikaandika insha nzima juu ya methali hiyo na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lakini nyumbani kwetu Komarock, Nairobi, moshi umefuka kila jioni tangu Hooyo apone korona, na mpaka leo hatujauona moto.

Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, ndivyo ninavyomwita mama yangu, ambaye jina lake ni Ardo. Kabla ya ugonjwa kazi yake ilikuwa kupika uunsi, ule udi wetu Wasomali wa sukari, sandali na ubani, unaotiwa juu ya makaa ya moto wakati wa magharibi ili nyumba inukie na visivyoonekana vipite mbali. Wanawake waliufuata kutoka Islii. Hakuwa na mizani wala saa. Alisimama juu ya sufuria ya sukari inayoyeyuka, kafumba macho, pua mbele, na sukari ilipokaribia kuwa chungu, kabla haijawa, alisema, "Haya." Nami nikamimina mafuta ya waridi.

Korona ilimnyang'anya pumzi, kisha ikamrudishia. Pua haikumrudishia. Kwa miezi kadhaa ya kupona alikula ugali na mchuzi kana kwamba anatafuna karatasi. Halafu jioni moja, tukiwa tumekaa sebuleni, aliinua kichwa.

"Nani anaungua?"

"Hakuna, Hooyo."

"Ni nywele." Akainuka, akazunguka chumba akinusa pazia, mto, zulia. Akanifikia. Akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, akainamisha pua yake utosini. "Ni zako, Idil. Nywele zako zinaungua."

Mdogo wake aliyempenda kuliko wote aliungulia ndani ya nyumba yao Kismayu wakati wa vita, Hooyo akiwa bado msichana. Aliitwa Idil. Jina nililo nalo ni la marehemu yule.

Tangu hapo akawa ananilowesha. Jua likizama tu, huyo anakuja na beseni la maji, ananivua mtandio, ananimwagia kichwani kiganja baada ya kiganja. Nilimwacha. Ungefanya nini? Akili nayo ilikuwa imeingia ukungu. Alisimama jikoni akiwa hajui alichofuata. Birika aliliita "hicho kinacholia". Mara nyingine alinitazama muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya kitoto kama mama amesharudi sokoni.

Awuor, jirani yetu anayekaanga mandazi nje ya lango, alijitahidi kutuchekesha. "Sasa Idil! Nywele zimelowa tena? Mathe amesikia moshi?"

"Amesikia."

"Mwambie leo ni wangu. Nimeunguza karai nzima, hata mbwa amekataa." Kisha akaacha kucheka. "Lakini Idil, nikwambie ukweli? Jana nilipopita dirishani kwenu, hata mimi nilidhani nimesikia kitu. Kama nywele."

Mimi pia nilikuwa nimeanza kujinusa.

Nilimpeleka Hooyo kliniki. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Aliniambia virusi vile hujeruhi pale ndani ya pua panapoanzia mishipa ya fahamu ya harufu. Mishipa ikiota upya, mingine hujiunga vibaya, basi ubongo hupokea habari potofu: kahawa hunuka mzoga, na mtu husikia moshi pasipo na chochote. "Na ubongo haupendi habari isiyo na maelezo," alisema. "Ukiletewa moshi, utatafuta moto unaoujua." Ukungu wa akili nao aliwahi kuuona kwa wengi waliougua. "Mama yako hana kichaa. Na hajaingiliwa na kitu."

Dawa yake ilikuwa mazoezi. Asubuhi na jioni Hooyo anuse limau, karafuu, waridi na mkaratusi, akikumbuka kwa nguvu kila kimoja kilivyokuwa kikinukia. Na nyumba isifukizwe kitu chochote.

Basi tukaacha uunsi. Hilo ndilo lililomleta Abti Shire.

Abti ni mjomba, kaka yake Hooyo. Kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina hilo hilo la heshima, naye ananiita "abti" tangu nizaliwe. Sijawahi kumsikia akinitaja Idil. Hakuweza. Yule marehemu alikuwa dada yake pia.

Alisimama mlangoni magharibi, akavuta hewa. "Abti, nyumba hii haina uunsi."

"Daktari amekataza."

"Daktari." Alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Mmezima chetezo cha mama yangu, mlango mkauacha wazi, halafu mnashangaa aliyeingia? Dada yangu ananusa nywele za marehemu! Huyo amekuja. Ana haja."

"Alianza kunusa kabla hatujaacha, Abti."

Hakusikia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi.

Ijumaa asubuhi Hooyo alinusa limau, akakunja uso. "Hili chachu," alisema. Neno la kwanza la harufu ya kweli tangu augue. Nililia karibu na sinki, bomba likiwa wazi asinisikie.

Baada ya swala Abti akaja na Mzee Yahye, mfukizaji wa walioingiliwa na pepo. Kabla sijatoka jikoni walikuwa wameshamketisha Hooyo mkekani. Walikuwa wamemfunika blanketi zito mwili mzima. Chetezo cha bibi, cha udongo, kitu pekee kilichotoka salama katika nyumba ile ya Kismayu, kilikuwa kimewashwa na kusukumwa chini ya blanketi.

"Abti, mtoeni!"

"Kaa chini. Ni kidogo tu."

Blanketi likaanza kutikisika. Kisha ikatoka sauti, nyembamba, si ya mwanamke mzima. "Idil anaungua! Mvuteni! Mlango umeshika, mvuteni!"

Mzee Yahye aliongeza ubani. Abti akapiga magoti, machozi yakimtiririka ndevuni. "Sema, dada. Sema, mdogo wangu. Tuko hapa sasa. Unataka nini?"

Alidhani ni marehemu anayenena. Mimi nilijua ni nani. Ni mama yangu, amefungiwa tena ndani ya nyumba ile, na safari hii tuliomfungia ni sisi.

Beseni lilikuwa mahali pake, limejaa, likingoja jioni. Nililiinua, nikalivuta blanketi, nikamwaga maji yote. Makaa yalipiga kelele. Chetezo kikapasuka, pa! vipande vitatu vikubwa na vumbi jekundu.

"Idil!"

Abti alijiziba mdomo. Hakuna aliyejua, wala yeye mwenyewe, anamwita yupi kati yetu wawili, mimi au marehemu. Mvuke ulipanda mpaka darini. Ulinuka nywele. Naapa ulinuka nywele.

Hooyo alikuwa akitweta, kalowa chapachapa. Alinivutia kwake, akaninusa utosini. "Bado zinaungua," alinong'ona.

"Najua, Hooyo."

"Nipe lile chachu."

Nikamletea limau. Alilinusa. Akalinusa tena.

Abti aliokota vipande vya chetezo, akavipakata kama mtoto. Hakupaza sauti tena. "Mwombe Mzee msamaha. Mwombe mama yako. Kisha umwombe yule uliyemkatiza maneno. Alikuwa amefika, abti. Baada ya miaka yote hii alikuwa amefika."

Nilimtazama, maji yakinidondoka viganjani.

"Siombi," nilisema. "Si kwa Mzee, si kwako, wala si kwa udongo wa bibi. Na kama Idil wa Kismayu yumo humu ndani anasikia, Abti, mwambie na yeye. Simwombi msamaha."