Simu ya Kwanza ya Mnara

Dobi alikuwa ameshika ncha moja ya shuka la hospitali, anatafuta ncha ya pili, wakati bosi wa mumewe alipoingia uani akiwa amevua kofia. Alitoa pole. Kisha akaongeza neno uzembe. Kazi ilikuwa imekwisha, alisema, mtu ameshashuka salama, halafu akapanda tena bila kuagizwa, akaanguka.

Mumewe walimwita Ngazi. Alikuwa akifunga antena kwenye minara ya simu, na alikuwa na mazoea yake: antena mpya ikiwaka, simu ya kwanza kupita humo ilikuwa ya mkewe. Hakuwa na la maana la kusema. Humwuliza kama anasikika, akijibiwa ndiyo, hukusanya vifaa. Majirani walimtania kwamba akifika huko juu awasalimie malaika. Aliwajibu kwamba malaika hawana salio.

Siku ile mnara wa mtaani ulikuwa unawekwa mtandao wa kizazi kipya, na ule wa zamani unazimwa kabisa. Ngazi alikuwa ameutangazia mtaa mzima. Kila kizazi cha mtandao kina lugha yake, alisema. Simu isiyoijua ni kama kiziwi harusini, anaona midomo tu. Akawahimiza watu wabadilishe simu mapema.

Neno uzembe lilimkaa dobi kooni kama mwiba wa samaki. Msiba ulipotulia alimfuata Waya, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, akamkuta anakunja kamba za kupandia. Alimwuliza jambo moja: alirudi juu kufanya nini?

"Shemeji, mengine tuyaache."

"Ninayelala peke yangu ni mimi. Niambie."

Waya aliendelea kukunja kamba. "Alikupigia, hukupatikana. Akarudia, vilevile. Sisi tukamcheka, tukamwambia leo mama amenuna. Yeye akasema hapana, antena haijakaa sawa, hawezi kuwaachia watu mnara mbovu. Akapanda."

"Na antena ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu."

Dobi alitoa simu yake kifuani, ile ya vitufe, betri imebanwa kwa mpira ambao Ngazi mwenyewe aliufunga. Waya aliitazama, kisha akainamia kamba zake. Mganga hajigangi. Aliuhamisha mtaa mzima, akamsahau wa kitandani kwake.

"Sote tulikuwa pale," Waya alisema. "Hata mmoja hakuuliza una simu gani."

Mtandao wa mtaani sasa una kasi. Vijana hukaa ukutani wakitazama mpira kwenye simu zao, na picha haikwami. Wifi yake alimletea dobi simu mpya. Iko kabatini, haijawashwa. Anayetaka kufuliwa nguo huzileta mwenyewe.