Ufito wa Kuchaguliwa Kitini

Edwin Thirtle aliingia duka la vifaa vya uvuvi akiwa ameshanuna, na kabla hajafika kaunta akaongezewa sababu. Muuzaji, mtu mzima aitwaye Nigel Pask, aliutazama mkono wa kushoto wa Edwin unavyoning'inia ndani ya koti, kisha akamgeukia Hazel, binti yake aliyekuja naye.

"Mzee anataka nini?"

"Muulize mwenyewe," Hazel akasema. "Ulimi haukupooza. Ungepooza tungepumzika."

"Mzee anataka ufito wa kuvulia kwenye boti," Edwin akasema. "Na mzee anasikia."

Nigel hakuona hata haya. Akaenda ukutani akarudi na ufito wa futi kumi na tatu, mweusi, unang'aa, akausifia kama anayemwoza binti yake. Edwin alitamani kumtandika nao.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa Nigel. Septemba iliyopita Edwin alipigwa na kiharusi akiwa peke yake kwenye boti, katikati ya mto Waveney. Walimkuta kwenye matete baada ya muda wa saa tano, boti imejikwamisha, naye ameloa mpaka kifuani. Lakini mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi siku nne kabla ya hapo, na kila jioni Hazel alipopiga simu, baba mtu alimjibu kwamba yuko buheri wa afya. Hilo ndilo Hazel hakusamehe. Akahamia kwa baba yake, akawa anamkatia nyama kwenye sahani na kumfunga vifungo vya shati, na wiki hii akampata mtu wa kuinunua boti. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi.

Jana yake walirushiana maneno mpaka jirani akafunga dirisha. Mwishowe, kwa hasira tu, wakakubaliana hivi: Edwin akiweza kumwingiza samaki wavuni akiwa ameketi, bila msaada wa mtu, boti haiuzwi. Asipoweza, inauzwa na neno "mto" lisisikike tena nyumbani. Samaki atakuwa Hazel mwenyewe, akivuta mshipi. Na ilikuwa lazima iwe bila msaada, kwa sababu kwenye chama chao cha wavuvi samaki aliyeingizwa wavuni na mkono wa mtu mwingine haandikwi daftarini kwa jina lako. Edwin alikuwa ameandikwa kwenye daftari lile miaka arobaini na moja.

"Ushike uone uzito wake," Nigel akasema, akimpa ufito.

"Nipe kiti."

"Kiti?"

"Kitu cha kukalia. Huna?"

Wavuvi wana ujinga mmoja waliorithishana. Mtu anaingia dukani, anasimama wima, anautikisa ufito hewani mara tatu, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, analipa. Kisha anaupeleka kwenye boti, anakokaa magoti yakikaribia kidevu, na hapo ndipo anagundua kwamba ufito mrefu unamleta samaki mpaka mahali asipomfikia. Mzima ataegemea nyuma na kunyoosha wavu kwa mkono wa pili. Edwin hakuwa na wa pili.

Wakatokea ua wa nyuma, Nigel amebeba kiti huku anacheka. Wateja wawili wakafuata na vikombe vyao vya chai. Edwin akaketi, akaubana mpini wa wavu chini ya buti la kushoto, na shina la ufito akalibana mapajani ili mkono wa kulia uzungushe gurudumu la mshipi. Hazel akafunga mshipi kwenye kamba ya mkoba wake, akausogeza mbali, akaushika.

Ule wa futi kumi na tatu ulifanya kama alivyosema Edwin. Mkoba ulikuja, ukakoma hatua mbili kutoka kwenye wavu, ukabaki hapo.

"Egemea nyuma, mzee!" Nigel akasema.

"Egemea wewe. Mimi nitatumbukia." Akaurudisha. "Lete mfupi. Ule wa futi tisa, uliouachia vumbi pale mlangoni."

"Ule? Ule ni wa watoto."

"Basi mletee mtoto."

Wateja wakacheka, Nigel akaenda kimyakimya. Ufito ulikuwa mbaya wa sura, rangi ya chai iliyochacha, lakini Edwin alipoubana mapajani ulitulia. Hazel akavuta. Edwin akazungusha. Ncha ikainama, mkoba ukaburuzika juu ya kokoto, ukaja, ukaja, ukapanda ukingo wa wavu, ukatumbukia ndani.

"Haya!" mteja mmoja akapiga makofi. "Huyo keshaingia!"

"Umeshinda," Hazel akasema. "Nitampigia simu yule mtu. Twende nyumbani."

Edwin hakuinuka. Uso ulimwiva kuanzia shingoni.

"Umeniachia."

"Sijakuachia."

"Umeniachia, Hazel! Nimeona mshipi umelegea. Ulikuwa unanivuta kama nesi anayemvisha mgonjwa soksi, halafu ukauachia kabisa. Sitaki boti ya huruma. Rudia."

"Baba, umeshapata unachotaka!"

"Sijapata! Rudia, na uvute kama una hasira."

"Hasira?" Hazel akaokota mkoba, akauzungushia mkono wake. "Unataka hasira? Siku nne! Siku nne nakuuliza, baba uko salama? Salama, mwanangu, nakula viazi. Viazi! Mkono umekufa, nawe unanidanganya kwa viazi!"

Akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, anarudi nyumanyuma, machozi yanamtoka na hajali nani anamwona. Ufito ukapinda mpaka kwenye shina. Edwin akazungusha, meno ameyauma, kiti kikaburuzika. Alimleta hatua moja, ya pili, ya tatu. Hazel akageuka akautupa uzito wake wote upande wa pili, na mshipi ukakatika paa! Akaangukia makreti ya Nigel.

Hakuna aliyecheka. Edwin aliutazama mshipi unavyopepea kwenye ncha.

"Huyo nimemkosa," akasema. "Yule wa kwanza hakuwa samaki. Boti uza."

Hazel akainuka, akajipangusa kokoto. Alimwangalia baba yake upya, kwa sababu katika miezi tisa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema ukweli unaomtia hasara.

"Mkono ukoje?" akauliza. "Leo. Usinitajie viazi."

Nigel akawaashiria wateja warudi ndani, nao wakarudi.

"Kuanzia kiwiko kushuka sihisi kitu. Jana nimeuunguza kwenye birika, nikauficha mfukoni." Edwin akausugua mguu wa kushoto. "Na mguu umeanza kuwa mzito asubuhi. Tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

Hazel akatoa simu mkobani. Alimpigia daktari kwanza, akaandikisha miadi ya saa tisa siku ile ile. Halafu akampigia mnunuzi, akasimama amempa baba yake mgongo.

"Haiuzwi," akasema. "Hapana, hata ukiongeza. Tunaitumia." Akakata. "Utakuwa na mimi nyuma botini, kila siku. Na siku utakayonidanganya, naizamisha mwenyewe."

"Wavu usiuguse," Edwin akasema.

"Nitaugusa nikitaka."

"Hawataniandika daftarini!"

"Wasikuandike," Hazel akasema, akamshika kwapani kumwinua, naye, kwa mara ya kwanza, akakubali kuinuliwa.